Shajara ya Mradi: Matembezi baada ya Mshtuko wa Moyo, Bombo, Uganda

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo tumepata uwanja. Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya nyumba yangu ametuazima ukanda tambarare kando ya madarasa, nasi tumenyoosha kamba ya mita 30 na kuweka jerikeni la manjano kila mwisho. Vitabu vya fiziotherapia hutaja koni za plastiki, lakini jerikeni lenye maji kidogo halipeperushwi na upepo, na likipotea hupatikana jingine kabla ya adhuhuri.

Mradi wenyewe ni mdogo. Watu 7 wa hapa Bombo, wanaume 5 na wanawake 2, waliopata mshtuko wa moyo kati ya miezi 2 na 9 iliyopita, watatembea pamoja mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Hivyo ni vipindi 36, idadi ileile inayotumiwa na programu nyingi za utengamao wa moyo, yaani za kumrudishia mgonjwa nguvu, nchini Marekani. Kila mmoja ameleta barua ya daktari wake inayomruhusu kutembea. Asiye na barua hatumpokei, hata akiwa ndugu. Mimi ni muuguzi mstaafu, na mtaalamu wa fiziotherapia atakuja kutoka Kampala kwa taksi, yaani basi dogo la abiria, kila baada ya wiki mbili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha, kwa kuwa wengine ni Wanubi, wengine Waganda na wengine ni wastaafu wa jeshi kutoka kaskazini. Humu nitawaita kwa majina ambayo kundi lenyewe limewapa: Afande, Hajati, Dereva, Fundi, Mwalimu na kadhalika.

Kwa faida ya atakayesoma baadaye, jambo tunaloshughulikia ni hili. Mshtuko wa moyo hutokea pale utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mshipa unaoulisha moyo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Sehemu ya msuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa moja, na mahali pake hujengeka kovu ambalo huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kukomaa. Kovu halipigi. Matembezi hayalifufui, na tuliwaambia hivyo waziwazi, kwa maana wawili walikuja wakidhani kwamba tutawafungulia mishipa. Kinachofanywa na matembezi ni kuifundisha misuli ya miguu kuchota oksijeni vizuri zaidi kutoka kwenye damu, hata kazi ileile ya nyumbani imalizwe kwa mapigo machache ya moyo. Mapitio ya shirika la Cochrane ya 2021, yaliyokusanya majaribio 85 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba utengamao wenye mazoezi hupunguza vifo vitokanavyo na maradhi ya moyo na mishipa, pamoja na mishtuko mipya na kulazwa hospitalini. Hoja hiyo ilinitosha kuomba uwanja.

Jumatano, 22 Januari

Kipimo cha dakika 6 cha juzi kiliharibika, na sababu yake haimo katika mwongozo wowote niliousoma. Mtu hutakiwa kwenda na kurudi kati ya alama mbili kwa kadiri awezavyo bila kukimbia. Akichoka husimama, lakini saa haisimami. Ukanda wetu umepakana na njia ya kwenda msikitini. Kila aliyepita alimsalimu anayetembea, na hakuna mtu wa Bombo anayeweza kusalimiwa na jirani aliyesikia habari za ugonjwa wake kisha akaendelea na safari kana kwamba hakusikia. Hajati alisimama mara nne. Nilipomkumbusha saa, aliniuliza, "Sista, nimwachie mtu salamu yake hewani?" Afande naye alisimama wima kumpigia saluti mkubwa wake wa zamani, wakabaki hapo hadi dakika zikaisha.

Leo tumerudia saa 12 na nusu asubuhi, mlinzi wa shule akiwa amefunga lango dogo. Aliyetembea umbali mfupi zaidi ni Dereva, mita 215. Aliyetembea mrefu zaidi ni Afande, mita 430. Huyo Dereva ameendesha taksi ya Bombo na Kampala kwa miaka mingi, naye ametuambia kwa fahari kwamba kuna siku alikuwa hakanyagi ardhi ila kwa ajili ya mafuta na swala. Nilimsimulia utafiti wa Jerry Morris uliochapishwa mwaka 1953, ambao uligundua kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kondakta wake yeye pia hukaa, tena mlangoni, kwa hiyo wote wawili wamo hatarini. Sikuwa na jibu.

Jumatano, 29 Januari

Wiki hii uwanja haukuwa na habari: wawili walikuja, watano hawakuja. Nimetumia siku mbili kuwatembelea wasiokuja, na nimerudi na mambo mengi kuliko niliyotarajia.

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na uvivu, nikakuta hofu, tena si ya wagonjwa peke yao bali ya nyumba nzima. Fundi, seremala ambaye mikono yake bado ina sugu za randa, analala mkekani kutwa kucha, na binti yake humletea hata kikombe cha maji kilicho hatua tatu kutoka alipo. "Mama, daktari alisema apumzike," aliniambia. Ni kweli alisema, miezi mitatu iliyopita, siku ambayo baba yake alitolewa hospitalini. Tatizo la neno hili pumzika ni kwamba hutolewa bila tarehe ya mwisho, na mtu anayempenda mgonjwa hawezi kuibuni tarehe hiyo mwenyewe.

Nisiwalaumu sana, kwa sababu udaktari wenyewe uliwahi kuamini hivyo. Baada ya James Herrick wa Chicago kueleza ugonjwa huu mwaka 1912, kwa miongo kadhaa wagonjwa walilazwa chali kwa wiki 6, wakilishwa na kuoshwa, mpaka mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipoandika habari za kuwakalisha kitini mapema, jambo lililowashtua wenzao. Nilipokuwa nikisomea uuguzi, masista wakubwa wa wodi walikuwa bado na mazoea ya kumlisha kwa kijiko mtu mwenye mikono mizima. Nilimsimulia binti yule pia jaribio la Dallas la mwaka 1966: vijana 5 wenye afya, wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki 3, na walipopimwa tena baada ya miaka 30 ilionekana kwamba zile wiki 3 ziliupunguza uwezo wa miili yao wa kufanya kazi kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. "Basi nimekuwa nikimzeesha baba," alisema, akaanza kulia, jambo ambalo silo nililolikusudia. Tumekubaliana aanze na dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni hadi kona ya duka, binti akiwa ubavuni, na baada ya wiki moja amlete uwanjani.

Katika nyumba nyingine mke alinivuta pembeni jikoni na kuuliza, kwa maneno ya kuzungukazunguka kama ilivyo adabu, kama mambo ya chumbani yanaweza kumuua mumewe. Vitabu humjibu kwamba mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema kupita kiasi yuko salama; kwa kuwa mtaani kwao hakuna ghorofa, nilimwambia tungoje hadi mumewe aweze kutembea kwa haraka kilima cha msikitini akiwa hana dalili yoyote. Niliongeza onyo ambalo nimelirudia kwa wanaume wote: anayetumia dawa ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi, asimeze kabisa vidonge vya nguvu za kiume, kwa maana zikikutana presha huanguka ghafla na huweza kuua. Wawili walinyamaza kwa namna iliyonifanya nirudie mara ya pili.

Ijumaa, 7 Februari

Jana ilikuwa Tarehe Sita, siku ya jeshi la Uganda, na nilipaswa kuliona jambo hili likija. Afande alikutana na wenzake wa zamani, wakasimulia vita, wakaamua kurudi nyumbani kwa mwendo wa kwata. Kwa maelezo yake mwenyewe, walipanda kilima wakiimba, na katikati ya kilima kifua kilibana kama mtu aliyekazwa mkanda. Sifa ninayompa ni kwamba alisimama, akaketi, akaweka kidonge chini ya ulimi kama tulivyowafundisha, na ndani ya dakika 5 maumivu yakaisha. Yasingeisha, angepaswa kupelekwa hospitalini papo hapo, bila kungoja kwanza kuona itakuwaje.

Leo asubuhi daktari wake amempima umeme wa moyo, hakuona dhara jipya, amebadilisha dawa moja, na ametaka apumzike siku chache kisha arudi kwenye mwendo wetu wa kawaida. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye karatasi. Nimeikazania.

Kosa lingine lilikuwa langu. Mtu aliyekuwa wa kwanza katika kipimo cha dakika 6 nilimhesabu kuwa hana tatizo, na macho yangu yote yakawa kwa wanaojikokota. Afande amekuwa akiniuliza tangu mwanzo lini wataanza pushapu, akitoa mfano wa Rais Museveni, ambaye Aprili 2020, wakati wa zuio la korona, alionyeshwa akipiga pushapu 30 ndani ya ofisi yake. Nilicheka na kumwambia kwamba Rais hakuwa katika daftari langu. Ningemweleza sababu badala ya kucheka: anayejikaza huku amezuia pumzi huipandisha presha ghafla, na moyo wenye kovu changa hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa.

Jumatatu, 17 Februari

Tumepata kipimo cha mwendo, na tumekipata mahali palepale palipotuharibia kipimo cha kwanza.

Mpaka sasa tulikuwa tukihangaika na njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, lakini karibu wote wanameza dawa za kundi la beta bloka, kama bisoprololi, ambazo huyazuia mapigo yasipande. Kanuni ya kukisia upeo wa mapigo kwa kutoa umri kutoka 220 huwa haina maana kwa mtu kama huyo, kwa sababu anaweza kuwa amechoka kabisa na mapigo yake bado ni 95. Ya pili ni kipimo cha Gunnar Borg wa Uswidi, ambacho mtu hutaja uchovu wake kwa namba kuanzia 6 hadi 20, na sisi tunataka awe kati ya 11 na 13. Kina mantiki yake, kwani namba hizo zilikusudiwa kukaribia mapigo ya moyo zikizidishwa kwa 10. Hata hivyo Mwalimu, aliyesahihisha mitihani maisha yake yote, alishindwa kuvumilia kipimo kinachoanzia 6, na Dereva alitaja 12 kila mara kwa kuwa aligundua ndiyo namba inayonifurahisha.

Ijumaa, tukiwa barabarani nje ya shule, Hajati alimsalimu mwanamke aliyekuwa akianika mihogo, na safari hii hakusimama. Alimwuliza habari za asubuhi, za watoto, za mgonjwa wao, za shamba, zote kwa mwendo uleule, akamaliza bila kukatika. Dereva alijaribu baada yake, akaishia kwenye watoto, akahema. Ndipo mtaalamu wetu aliposema kwamba hicho ndicho kipimo cha kuzungumza wanachokitumia wao: anayeweza kusema sentensi nzima kwa raha yuko chini ya kiwango cha hatari, anayevuta pumzi kati ya maneno amezidisha. Kuanzia leo kanuni ni hii: salamu kamili bila kusimama. Asiyefika kwenye shamba apunguze mwendo. Anayeweza kuimba aongeze kidogo.

Afande amerudi leo. Kwa salamu, mwendo wake wa kweli ni wa polepole kuliko wa Fundi, na jambo hilo limemuuma.

Tumeongeza pia dakika 10 za kupasha mwili moto mwanzoni na dakika 10 za kupoza mwishoni. Ya mwishoni ndiyo wanayoitoroka. Mtu akisimama ghafla, damu hujikusanya miguuni ambako mishipa bado imetanuka, presha hushuka, na kichwa huwa chepesi. Ndiyo maana tunatembea polepole hadi langoni na kurudi kabla ya kumruhusu yeyote aketi.

Jumatano, 26 Februari

Wanawake wetu wawili wameniumbua. Katika fomu niliyoitunga mwenyewe kuna swali "unafanya mazoezi gani nyumbani?", na wote wawili walijibu "hakuna". Leo, katika mazungumzo ya njiani, nimegundua kwamba mmoja wao alirudia kubeba maji kutoka bombani wiki ya 5 baada ya mshtuko, kabla kovu halijakomaa. Jerikeni moja lililojaa ni kilo 20. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa nyumbani kwao maji si mazoezi, ni maji tu. Mume wa Hajati, kwa upande mwingine, amemkataza mkewe kutembea sokoni peke yake lakini bado anakula posho (ugali) aliyoisonga yeye.

Kazi ya mikono huupandisha moyo na presha kuliko kazi ya miguu yenye uzito uleule, na kusonga posho ya watu 8 katika sufuria nzito ni kazi ya mikono hasa. Sikuwaambia waache, maana ningekuwa natoa agizo lisilotekelezeka. Tumepunguza: majerikeni ya lita 5, moja kila mkono, pumzi itolewe wakati wa kuinua, posho isongwe mtu akiwa ameketi, na kijana mwenye nguvu amalizie. Fomu nimeibadilisha. Swali sasa linasema: "Jana uliinua nini?"

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Wanne kati ya 7 ni Waislamu, na kila mmoja alirudishwa kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Wawili wamekatazwa kufunga mwaka huu, nao watalisha maskini kama Kurani inavyomruhusu mgonjwa. Wawili wamekubaliwa, dawa zao zikipangwa upya kati ya futari na daku. Kutembea asubuhi kwa waliofunga tumekusitisha, kwa sababu hawawezi kunywa maji baadaye na dawa za presha hufanya kazi kwa nguvu zaidi katika mwili uliokauka. Wanatembea usiku, ikiwa imepita saa moja na nusu hivi tangu kufuturu, kamwe si mara tu baada ya kula.

Hajati aliuliza kama tarawehe huhesabiwa. Nilisimama nyuma siku mbili nikaangalia: kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka, rakaa baada ya rakaa. Nimeihesabu kuwa kipindi chepesi. Sharti ni kuinuka polepole kutoka kwenye sijda, na anayeona kizunguzungu aswali akiwa ameketi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua za masika. Uwanja ni tope, na boda boda zinateleza hata zikiwa hazina abiria. Tumehamia chini ya paa la bwalo la shule, tunapanda na kushuka kidato kimoja cha saruji. Mvua ikipiga mabati salamu hazisikiki, kwa hiyo kila mtu anajisalimia mwenyewe. Mshiriki mmoja amehamia Arua kwa binti yake, akiwa na barua yetu mkononi.

Jumatatu, 14 Aprili

Vipindi 36 vimekwisha, na leo, jua lilipotokea kwa muda wa saa moja, tumerudia kipimo cha dakika 6. Presha ya kila mmoja ilipimwa kwanza. Aliyezidi 180 juu au 110 chini asingeruhusiwa kuanza, na hakutokea.

Dereva ametoka mita 215 hadi 290. Fundi hakupimwa Januari. Alipoletwa na binti yake Februari alitembea mita 260, na leo ametembea 355, bila binti. Hajati ameongeza 60. Afande ametoka 430 hadi 445, naye hakufurahi, ingawa ametembea leo akizungumza tangu mwanzo hadi mwisho na Januari hakuweza kusema neno. Mwalimu amepungua mita 20. Goti lake la kulia limevimba, si moyo, na nimemwandikia mtaalamu wetu amwone. Wa sita amebaki palepale. Kwa wagonjwa wa aina hii tofauti ya mita 25 hivi ndiyo huanza kuwa na uzito, na lazima niseme pia kwamba mtu anayepimwa mara ya pili huwa anafanya vizuri zaidi kidogo kwa sababu tu ameshauzoea mchezo. Kwa hiyo ongezeko la Afande nalihesabu kuwa si kitu, nami nimemwambia. Amesema atalipata Julai.

Kwa kundi la pili nabadilisha mambo mawili. Ziara za nyumbani zitatangulia uwanja, na mtu wa kwanza kupewa maelezo atakuwa yule anayepika na kuchota maji katika nyumba hiyo, au anayeamua nani achote. Pia nimewaomba madaktari wawili wanaotuletea barua waandike tarehe ambayo mapumziko yatakwisha. Mmoja amekubali, mwingine amesema ataangalia.

Tutaanza tarehe 5 Mei. Majerikeni yamebaki kwa mwalimu mkuu, na kamba nimeiosha matope nikaianika.